Yatima Aliyepima Joto la Nyumba

Habari za wafalme na majemadari tunazisoma kila mara. Mimi, mwanafunzi wa zamani ambaye kazi yangu sasa ni ujenzi, napenda kuwaletea maisha ya mtu wa hesabu. Alalaye chini ya bati lisilo na dari anaijua shida yake: mchana ni tanuri, usiku ni baridi. Basi mjenzi huulizwa, kizuizi cha joto kiwe kinene kiasi gani? Aliyetupatia njia ya kulijibu swali hilo kwa hesabu, si kwa kubahatisha, ni Mfaransa Joseph Fourier.

Fourier alizaliwa mwaka 1768 katika mji wa Auxerre. Baba yake alikuwa mshona nguo mwenye watoto wengi. Alipokuwa na umri wa miaka 10 hivi, wazazi wake wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Akasomeshwa katika shule ya kijeshi ya mji huo, iliyoongozwa na watawa, na huko akaipenda hesabu mno. Husimuliwa kwamba alikuwa akikusanya vipande vya mishumaa, apate kusoma usiku wenzake wakiwa wamelala. Akataka kuwa askari wa mizinga, lakini alikataliwa kwa kuwa hakuzaliwa katika ukoo mkubwa. Akaingia utawani, kisha akatoka mwaka 1789, mwaka wa Mapinduzi ya Ufaransa. Mwaka 1794 alitiwa gerezani, akawa karibu na kifo. Serikali ilipobadilika akafunguliwa. Baadaye akawa mwalimu wa hesabu huko Paris.

Mwaka 1798 alifuatana na Napoleon kwenda Misri, akawa katibu wa chama cha wataalamu mjini Cairo. Aliporudi kwao, Napoleon alimweka kuwa mkuu wa jimbo la Isère, makao yake yakiwa Grenoble, mji uliozungukwa na milima ya Alps. Husemwa kwamba baada ya jua la Misri baridi ilimsumbua sana, hata akawa anavaa nguo nzito na kukaa katika vyumba vyenye joto kali. Hata hivyo kazi ya serikali aliifanya vizuri. Alisimamia kukausha vinamasi vya Bourgoin, akaanzisha barabara ya kwenda Turin. Na katika saa zake za faragha alichunguza jinsi joto linavyopita katika vitu.

Mwaka 1807 alipeleka maandishi yake Paris. Wakubwa wa hesabu wa siku zile, Lagrange na Laplace, hawakuridhika na njia yake. Mwaka 1812 alipewa tuzo kwa kazi hiyo, lakini pamoja na lawama, na maandishi hayakuchapishwa upesi. Fourier hakuiacha kazi wala hakugombana na ulimwengu. Aliendelea kuinyosha mpaka mwaka 1822, kitabu chake kikatoka. Ndani yake mna sehemu nzima juu ya kupasha joto mahali palipofungwa, kama chumba. Alionyesha kwamba joto la chumba haliamuliwi na ukubwa wa nafasi iliyomo ndani, bali na eneo la kile kitoacho joto, eneo la kuta, unene wake, na kitu zilichojengwa kwacho.

Sheria yake ni nyepesi kukumbuka. Joto lipitalo ukutani huzidi kadiri eneo na tofauti ya joto la ndani na la nje zinavyozidi. Hupungua kadiri unene unavyozidi. Tena kila kitu kina kiasi chake cha kupitisha joto. Kwa hesabu hiyo sentimita 5 za sufu ya kondoo huzuia joto sawa na ukuta wa matofali ya kuchoma wenye unene wa sentimita 80 hivi.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme katika sufu ya sentimita 5 linapita joto la kiasi cha 100. Unene ukiwa sentimita 10, litapita 50. Ukiwa 20, litapita 25. Ukiwa 40, litapita 12 na nusu. Tazameni: sentimita 5 za kwanza tulizoongeza zimeokoa 50, lakini zile 20 za mwisho zimeokoa 12 na nusu tu. Joto halikomeshwi kabisa, hupunguzwa tu. Basi kiasi kifaacho ni pale ambapo gharama ya tabaka moja zaidi inalingana na thamani ya kuni au makaa yatakayookolewa. Kukosa kufika hapo ni hasara, na kupita hapo pia ni hasara. Kwa nyumba yetu ya bati, ambamo joto hushuka kutoka juu, sheria ni ile ile.

Fourier alifariki Paris tarehe 16 Mei 1830, na jina lake limeandikwa kwenye Mnara wa Eiffel. Wanafunzi wenzangu, mtu huyu alikataliwa jeshini, akafungwa, akangoja miaka 15 kitabu chake kitoke. Leo mjenzi yeyote ajuaye kugawanya na kuzidisha hufaidi jasho lake. Msiidharau hesabu ya darasani, maana ndiyo itakayowajengea nyumba njema.