Al-Biruni na Mizani ya Mawe

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ijumaa hii tunaleta maisha ya Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad Al-Biruni, mwanachuoni aliyezaliwa mwaka 973 huko Khwarazm, upande wa Uzbekistan ya leo. Mwaka 1017 Sultani Mahmud alishika inchi ile, na Al-Biruni akachukuliwa mpaka Ghazna, katika Afghanistan. Hakwenda kwa kupenda kwake, lakini elimu hakuiacha.

Penye dhahabu na mawe ya thamani wadanganyifu hawakosi, na munaojua biashara hiyo huku kwetu munaelewa. Rangi inadanganya jicho. Al-Biruni akatafuta dalili ya kweli katika uzito. Alitengeneza chombo chenye mdomo pembeni, akakijaza maji mpaka mdomoni, akatia jiwe, kisha akapima maji yaliyomwagika. Maji yalipokwama katika mdomo mwembamba na kuharibu hesabu, akautengeneza tena. Dhahabu ya mithkali 100 ilimwaga maji ya mithkali 5 na kidogo, ni kusema dhahabu inashinda maji uzito mara 19. Fedha ya uzito huohuo humwaga maji karibu mara mbili ya hayo. Basi mwenye kuficha fedha ndani ya dhahabu, maji yanamtoa nje. Alipima hivyo zebaki, risasi, chuma, yakuti na zumaridi, na hesabu zake ziko karibu sana na zile za maabara za leo.

Uzeeni aliandika kitabu kizima juu ya mawe na madini, kiitwacho Al-Jamahir. Watu wa zamani walidai kwamba nyoka akitazama zumaridi anapofuka. Yeye hakukubali wala kukataa kwa maneno matupu. Alimvika nyoka mkufu wa zumaridi, akamtandikia zumaridi chini, miezi 9, wakati wa joto na wa baridi. Nyoka hakupofuka.

Alifariki Ghazna karibu mwaka 1050. Inasimuliwa kwamba alipokuwa sakaratini alitembelewa na fakihi mmoja, akamuuliza mas'ala ya mirathi ya bibi. Fakihi alimwonea huruma, akaona si wakati wake. Al-Biruni akamjibu kwamba afadhali aiache dunia akiijua mas'ala hiyo kuliko kuiacha hali haijui. Fakihi akamweleza, akatoka, na kabla hajafika mbali akasikia kilio nyumbani mule. Allah amrehemu.