Louis Chevrolet: Fundi aliyeuza jina lake, akaishia kuajiriwa nalo

UKIINGIA kwenye banda la mpira pale Kerende, wilayani Tarime, siku Manchester United inacheza, usishangae kukutana na jezi nyekundu iliyopauka yenye neno Chevrolet kifuani. Ni za mtumba, zimetoka enzi za Wayne Rooney, Zlatan Ibrahimovic na Paul Pogba, na wenye nazo hawazivui kirahisi.

Neno hilo lilikaa kifuani mwa United kwa misimu 7, kuanzia 2014/15 hadi 2020/21. Lilikuwepo Jesse Lingard alipoimaliza Crystal Palace kwenye fainali ya Kombe la FA mwaka 2016. Lilikuwepo pia Stockholm mwaka 2017, Ajax ilipochapwa 2-0 kwenye fainali ya Europa League. Ili likae pale, kampuni ya General Motors ilikubali kumwaga takriban dola milioni 559 za Marekani.

Mashabiki wengi wanalijua kama jina la gari, basi. Lakini Chevrolet alikuwa mtu. Alikuwa dereva wa mbio, fundi wa kutisha na kaka wa bingwa. Alifariki mwaka 1941, miaka 73 kabla jina lake halijaingia Old Trafford. Na hata angekuwa hai asingepata mgawo, kwa sababu alishaliuza zamani.

MTOTO WA FUNDI SAA

Louis Chevrolet alizaliwa siku ya Krismasi, Desemba 25, 1878, katika mji wa La Chaux-de-Fonds nchini Uswisi. Ni mji wa mafundi saa, na baba yake alikuwa mmoja wao. Ndani ya nyumba ya aina hiyo mtoto anajifunza mapema kwamba chuma kikikosewa hata kwa unene wa unywele, saa haitembei.

Maisha hayakuwa mepesi. Familia ilihamia Beaune, Ufaransa, na huko Louis akaingia kwenye karakana ya baiskeli akiwa kijana mdogo. Alizitengeneza mchana na kushindana nazo siku za mbio. Hapo ndipo yalipoungana mambo mawili ambayo hayakumwacha mpaka mwisho: spana na kasi.

Mwaka 1900 alivuka bahari kwenda Montreal, Canada, kisha akashuka New York. Alifanya kazi kwa Wafaransa wa De Dion-Bouton, baadaye kwa Waitaliano wa Fiat. Mwaka 1905 Fiat walimpa gari la mashindano, na jamaa hakufanya ajizi. Alimshinda Barney Oldfield, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa Ronaldo wa mbio za magari Marekani. Kuanzia hapo jina la Chevrolet likawa linauza tiketi.

Alikuwa pande la mtu, mwenye masharubu, asiyejua kupunguza mwendo. Ajali zilimlaza hospitali mara kadhaa. Akipona, anarudi.

DURANT AINGIA KWENYE PICHA

William Durant, mwanzilishi wa General Motors, alimchukua Louis na mdogo wake Arthur kuiendeshea timu ya Buick. Mwaka 1910 wenye mabenki walimng'oa Durant kwenye kiti chake. Jamaa hakukubali kufa kizembe. Alitafuta jina lenye mvuto la kumrudisha mjini, na alilipata kwa dereva wake.

Novemba 3, 1911, kampuni ya magari ya Chevrolet ilisajiliwa Detroit. Durant alileta mkwanja na akili ya biashara. Louis alileta jina na ufundi.

Gari la kwanza, Classic Six, lilikuwa zigo la kifahari lenye injini ya silinda 6 na ujazo wa karibu lita 5. Liliuzwa dola 2,150, huku Ford T ya Henry Ford ikipatikana kwa pesa isiyofika hata nusu ya hiyo.

Bodi za magari ya enzi hizo zilikuwa kazi ya seremala kwanza, fundi bati baadaye. Fremu ya mbao ngumu iliungwa kama kabati, kisha bati likapigiliwa juu yake. Mtu wa Kanda ya Ziwa aliyezoea kuona mafundi wakifunga bodi za mbao kwenye malori ataelewa mara moja. Tofauti ni kwamba kwa hawa wa Detroit mbao ilijificha ndani, mnunuzi akaona bati na rangi tu.

Louis alitaka kuendelea kutengeneza magari makubwa, mazuri na yenye mbio. Durant alitaka magari ya bei chee ya kupambana na Ford. Hakukuwa na wa kumwachia mwenzake. Inasimuliwa kuwa hata sigara ziligombanisha: bosi alitaka fundi wake aache sigara za vijana na avute sigara kubwa za kitajiri zinazoendana na hadhi ya kampuni.

Kufikia 1914, Louis alikuwa ameshauza hisa zake na kutimka. Haki ya kuliita gari Chevrolet ilibaki kwa Durant.

Kwa lugha ya soka, ni sawa na mchezaji kuondoka klabuni akaiacha haki ya jina lake mwenyewe, halafu klabu hiyo ikaja kuwa tajiri kupindukia. Maana ndicho kilichotokea. Kwa kutumia hisa za Chevrolet, Durant alirudi kuitawala General Motors mwaka 1916. Mwaka 1927 Chevrolet ikaipiku Ford kwa mauzo. Hisa ambazo Louis aliziachia zilikuwa utajiri wa kizazi hadi kizazi.

UBINGWA NA MSIBA MWAKA MMOJA

Louis hakukaa chini kulia. Kwa kuwa hakuweza tena kutumia jina lake kwenye gari, alianzisha kampuni nyingine, Frontenac, akiwa na ndugu zake Arthur na Gaston. Lengo lilikuwa magari ya mashindano, na uwanja wao mkubwa ulikuwa Indianapolis 500: mizunguko 200, kilomita zipatazo 805, mara moja kwa mwaka. Ndiyo fainali ya Kombe la Dunia ya mbio za Wamarekani.

Louis mwenyewe alishiriki mara 4, na nafasi yake bora ilikuwa ya 7 mwaka 1919. Lakini mwaka 1920 familia ilipata ilichokuwa ikikitafuta. Ralph DePalma aliongoza kwa muda mrefu na kila mtu akajua kazi imekwisha. Gari lake likapata hitilafu zikiwa zimebaki mizunguko michache. Gaston, mdogo wa mwisho, akiwa kwenye gari lililobuniwa na kaka yake, akapita na kushinda. Lilikuwa bao la dakika ya 90.

Mwaka uliofuata gari la Frontenac lilishinda tena Indianapolis, safari hii likiendeshwa na Tommy Milton. Lakini Gaston hakuwepo kuliona.

Novemba 25, 1920, Gaston alikuwa anashindana Beverly Hills, California. Uwanja wenyewe ulijengwa kwa mbao tupu. Viwanja vya aina hiyo vilikuwa vingi Marekani: maelfu ya mbao zilizopangwa ubavu, kona zimeinuliwa kama ukuta. Vilikuwa na kasi kubwa, na vilikuwa na vifo. Gaston aligongana na Eddie O'Donnell, na wote wawili wakapoteza maisha. Gaston alikuwa na miaka 28. Pointi alizokusanya zilimpa ubingwa wa taifa wa mwaka huo akiwa kaburini.

Louis alistaafu kushindana. Spana hakuiweka chini.

KUUFUFUA MKWECHE

Kilichofuata ndicho kinachowafanya mafundi wa magari ya zamani wamheshimu mpaka leo.

Barabara za Marekani zilikuwa zimejaa Ford T. Zaidi ya milioni 15 zilitengenezwa kati ya 1908 na 1927. Gari lilikuwa gumu na la bei rahisi, lakini injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 20 tu. Kijana aliyetaka mbio aliambulia aibu.

Louis na Arthur waliona kitu ambacho wengi hawakukiona. Silinda hedi ya Ford T ilifungwa kwa bolti, ikifunguliwa inatoka yote. Valvu zake zilikaa ubavuni mwa silinda, kwa hiyo hewa na moshi vilipita kwa kuzunguka zunguka, na injini ikawa kama mtu anayekimbia huku amezibwa pua. Ndugu hao wakatengeneza hedi mpya inayoweka valvu juu ya pistoni, njia ikawa fupi. Unafungua ya zamani, unafunga ya kwao, na injini inapumua.

Zilifahamika kwa jina la Fronty, na gari lililofungwa hedi hiyo likaitwa Fronty-Ford. Nyingi ziliuzwa, maana hazikuwa za matajiri. Kijana alinunua mkweche wa Ford T, akang'oa madigadi, akang'oa paa, akang'oa bodi zima na mbao zake zilizoanza kuoza, akabaki na chasisi, kiti na injini. Akifunga Fronty, amepata gari la kwenda nalo mashindanoni mwishoni mwa wiki. Mchezo wa kuchukua gari kuukuu la Kimarekani na kuligeuza mshale, ambao baadaye ulienea hadi kwenye majangwa ya California, una mizizi yake kwenye karakana za namna hiyo.

Kama kuna aliyedhani ni mzaha, jibu lilikuja Indianapolis mwaka 1923. Gari lenye asili ya Ford T, likiwa na ufundi wa kina Chevrolet na dereva L.L. Corum, lilimaliza la 5 mbele ya magari mengi yaliyoundwa kwa mbio tu na kwa gharama kubwa. Ni kama timu ya ndondo kwenda Ulaya na kurudi na sare.

Hapo ndipo maisha yalipomchezea Louis. Wakati kampuni yenye jina lake ilikuwa ikihangaika kuipiku Ford sokoni, yeye mwenyewe alikuwa anaziongezea kasi Ford ili apate mkate wa kila siku.

KURUDI KAMA KIBARUA

Ufundi alikuwa nao wa kugawa. Biashara ilimshinda. Frontenac ilikufa. Akahamia kwenye injini za ndege pamoja na Arthur, wakagombana, kila mmoja akashika njia yake. Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ukaporomoka, na kilichokuwa kimebaki kikaenda na maji.

Mwaka 1934, akiwa na miaka 55, Louis Chevrolet alirudi kufanya kazi Detroit katika kampuni ya Chevrolet. Hakurudi kama mwenye mali. Alirudi kama mfanyakazi anayesubiri mshahara, anapita kila asubuhi chini ya jina lake mwenyewe. Mwaka huohuo alimzika mwanawe mkubwa, Charles.

Afya ilimgeuka. Damu ilivuja kwenye ubongo, akalazimika kuacha kazi na kwenda kupumzika Florida. Alifariki Juni 6, 1941 akiwa na miaka 62. Hakuzikwa Detroit kwenye kiwanda. Alizikwa Indianapolis, mji uliompa furaha yake kubwa na uliomkumbusha Gaston.

MBAO INAOZA, UFUNDI UNABAKI

Leo wapo watu Marekani na kwingineko wanaotumia miaka kufufua Chevrolet za miaka ya 1920 na ya mwanzo ya 1930. Taabu yao kubwa si injini. Ni mbao. Chevrolet iliendelea kutumia fremu za mbao ndani ya bodi mpaka katikati ya miaka ya 1930, wakati Ford ilikuwa imeshahamia zaidi kwenye chuma. Mbao ikishaoza, milango inalegea, bati linabaki kama shati lililotundikwa. Fundi analazimika kuchonga upya kila mguu na kila upinde, akitumia vipande vilivyooza kama kipimo, kabla hajagusa rangi. Ndiyo maana wapenda mbio wengi walichukua Ford wakaziacha Chevrolet ziozee mashambani.

Lakini hedi ya Fronty ikipatikana kwenye banda la mtu, inagombewa. Kitu alichokitengeneza kwa mikono yake baada ya kunyang'anywa jina ndicho kinachotafutwa kama lulu.

Vijana wanaokipiga kwenye viwanja vya vumbi kuanzia Kerende hadi Tarime mjini wanaota kusaini siku moja. Ni ndoto halali. Watakapopewa kalamu, wataulizwa kuhusu mshahara na ada ya usajili, na wengi wataishia hapo. Kwenye karatasi hizohizo kuna vifungu vinavyosema nani ana haki ya kutumia jina na picha ya mchezaji, na kwa muda gani.

Vifungu vya aina hiyo ndivyo vinavyoeleza kwa nini dola milioni 559 zilipita kwenye jina la mtoto wa fundi saa, na hakuna hata moja iliyokuwa yake.