Frank Hornby na Gari la Moshi la Bati

Mhariri aliniomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufa. Wenzangu wameandika habari za wafalme na wasafiri wakubwa, nami sikutaka kupita njia ile ile. Nimemchagua karani wa hesabu wa mji wa Liverpool, Uingereza, jina lake Frank Hornby. Bwana huyu hakupigana vita wala hakuvumbua nchi. Alitengeneza vitu vya watoto kuchezea. Najua wako watakaocheka, maana mimi nina miaka kumi na tisa, na tangu mwaka jana wamekwisha kunicheka sana kwa ajili ya gari langu la moshi la bati. Nitalieleza hilo nalo, kwa kuwa ndilo lililonifikisha kwa Hornby.

Hornby alizaliwa tarehe 15 Mei 1863. Baba yake alikuwa mfanya biashara ya vyakula. Kijana aliacha shule alipokuwa na miaka 16, akaingia katika duka la baba yake kushika fedha. Tangu utoto alipenda kusoma kitabu cha Samuel Smiles kilichosimulia taabu za wavumbuzi, naye akatamani kuwa mmoja wao, ila mambo aliyoyajaribu hayakufanikiwa. Mwaka 1887 alioa mwalimu wa shule, wakapata watoto. Baba yake akafariki mwaka 1899, biashara ikafungwa, na Hornby akaajiriwa kuandika vitabu vya hesabu kwa bwana mmoja aliyeagiza nyama kutoka nchi za nje, David Elliott.

Mtazameni basi alipokuwa wakati huo. Umri wake miaka 36, duka la baba limekwisha, ana wana wawili wadogo nyumbani, na kutwa anajumlisha gharama za nyama ya mtu mwingine. Katika maisha yake yote hapa ndipo nipendapo zaidi, kuliko pale alipokuwa tajiri.

Jioni alikuwa akiwatengenezea wanawe, Roland na Douglas, madaraja na winchi kwa bati la shaba alilolikata kwa mkono. Shida ilikuwa hii: kila akitaka kutengeneza kitu kipya, hana budi kukata vipande vipya. Siku moja akiwa safarini katika gari la moshi, akawaza habari ya winchi akitazama dirishani, na wazo likamjia. Je, kama vipande vyote vingekuwa na upana mmoja, nusu inchi, na matundu yaliyopangwa kila nusu inchi, vikafungwa kwa skrubu na nati? Hapo kipande kilichokuwa daraja leo kitakuwa winchi kesho, na mtoto mwenyewe atafungua na kufunga. Ni jambo dogo kabisa, tena ukiisha kuelezwa unajiuliza kwa nini wengine wote hawakulifikiri.

Ili mtu mwingine asimwibie wazo lake ilimpasa kulipia hataza serikalini. Gharama ilikuwa pauni 5, naye hakuwa nazo. Akamwendea Bwana Elliott, mwajiri wake, akamkopa. Mwezi wa Januari 1901 akapata haki yake, na Elliott akawa mshirika wake. Vipande vya kwanza havikuwa vizuri. Ncha zake hazikuviringwa, na wauzaji hawakuvipokea kwa shangwe. Hornby alikuwa na busara ya kutafuta shahidi: Profesa Hele-Shaw, mkuu wa uhandisi katika chuo cha Liverpool, akavisifu kwa maandishi. Hata hivyo miaka ilipita kabla ya faida ya kwanza kuonekana, mwaka 1906. Mwaka 1907 ndipo alipoiacha kazi ya ukarani, akapata kiwanda chake, na chombo kikapewa jina la Meccano. Mwaka uliofuata kampuni iliandikishwa, na Elliott akajitoa.

Sasa niwapeleke kwetu kidogo. Babu yangu mzaa mama alifanya kazi katika reli ya Afrika Mashariki, msaidizi wa dereva kati ya Nairobi na Mombasa, juu ya zile injini za Garratt zilizopewa majina ya milima. Zilikuwa 34, zimeundwa na Beyer Peacock mjini Manchester, si mbali na Liverpool, mwaka 1955 na 1956. Injini moja ilikuwa na urefu wa zaidi ya futi 104 na uzito wa tani 252, boila katikati na magurudumu mbele na nyuma yake, jumla 28. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 babu akarudi Uganda. Wajukuu tumelelewa kwa hadithi za injini hizo kama wengine walivyolelewa kwa hadithi za sungura na fisi.

Likizo ya mwaka jana nikaamua kumtengenezea moja. Futi moja ya injini niliifanya robo inchi, hata gari langu likawa na urefu wa futi 2 na inchi 2. Boila ni makopo ya nyanya yaliyounganishwa kwa lehemu, matangi nimekata katika debe la mafuta ya kupikia, magurudumu 16 makubwa ni vizibo vya soda, na yale 12 madogo nimechonga kandambili iliyochakaa. Halafu nikaanza kulipamba ili lifanane na kweli. Nilibandika nyota, bendera, mistari ya dhahabu, na vitaa vingi kama vya basi la usiku. Nikaliona zuri mno.

Babu ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili, haoni ila mwanga. Nilimpa gari mapajani, naye akalisoma kwa vidole, polepole, kuanzia bomba la moshi. Alipozifikia nyota zangu akauliza hizo ni kitu gani. Kisha akaniuliza dereva anapandia wapi, maana hakuna ngazi. Na akiisha kupanda anashika nini, maana hakuna kishikio. Aliuliza mabomba ya mchanga yako wapi, kwani reli ikilowa mvua gurudumu hutereza, na mchanga usipomwagwa mbele yake injini yote tani 252 itabaki pale pale ikizunguka bure. Akanirudishia gari bila neno jingine. Wasomaji, niliona haya kuliko siku ile niliyoanguka mtihani wa hesabu.

Niliporudi shuleni Bruda anayetufundisha ufundi alinipa kitabu chenye habari za Hornby, nikamwona naye alianza kwa kosa kama langu. Kabla ya Vita Kuu ya kwanza magari mengi ya kuchezea yaliyouzwa Uingereza yalitoka Ujerumani. Vita vikaukata mfereji huo, na mwaka 1920 Hornby akatoa magari yake ya kwanza, ya kutiwa ufunguo kama saa, yamefungwa kwa skrubu na nati ili mtoto aweze kuyafungua. Yaliuzwa kwa rangi na herufi za kampuni tatu za reli, lakini chini ya rangi injini ilikuwa ile ile moja, na haikuwa mfano wa injini yo yote ya kweli. Mimi nasema alikuwa akiuza rangi, kama mimi na nyota zangu. Injini za umeme zilikuja mwaka 1925. Mwaka 1929 ndipo kiwanda kilipotoa injini nne kubwa, moja kwa kila kampuni ya reli ya wakati huo, na kila moja ikawa na umbo lake kwa kufuata injini iliyokuwa kazini kweli. Miaka tisa mizima, kwa mtu mwenye kiwanda na mafundi tele! Hapo nikapata moyo.

Nikang'oa nyota zote. Vishikio nimefanya kwa waya mwembamba uliotolewa katika kebo ya simu iliyotupwa, nikaupitisha katika vitundu vya sindano. Ribiti za matangi nimezigonga kwa upande wa ndani kwa msumari butu, bati likiwa juu ya mpira, nikipima kwa rula ili mstari usipinde. Tangi la kwanza niliharibu kwa kugonga kwa nguvu mno. Ngazi nne, mabomba ya mchanga, taa moja tu ya mbele. Mwisho nikapaka rangi nyekundu iliyoiva, na unga wa makaa ya kuni kwa brashi kavu kuzunguka bomba la moshi, kidogo sana. Mwanzoni mtu hutia masizi mengi, injini ikaonekana kama iliyotoka jikoni.

Yaliyobaki ya Hornby ni mafupi. Alikuwa tajiri mkubwa, mwenye kiwanda mtaa wa Binns Road, Liverpool, tangu mwaka 1914, na gazeti lake la vijana tangu mwaka 1916. Mwaka 1931 watu wa Everton walimchagua kwenda Bungeni, akakaa hata mwaka 1935; sijasoma kitu kilichonifanya nidhani alikuwa mbunge hodari kama alivyokuwa fundi. Alifariki tarehe 21 Septemba 1936. Kiwanda cha Binns Road kilifungwa mwaka 1979, ila jina lake lingali likiandikwa juu ya magari madogo ya moshi.

Krismasi nililipeleka gari kwa babu tena. Vidole vyake vilipita juu ya ribiti, vikashuka kwenye ngazi, vikapanda kishikio mpaka mlango wa dereva, vikakaa hapo kitambo kirefu. Baadaye akaniambia kwamba kishikio cha upande wa kushoto kiko chini mno, mtu mrefu angeumia mgongo. Nimekwisha kukipandisha.