Bwana Wilson Atafuta Mlevi Mwenziwe

Kila mkaaji wa Kigoma na Ujiji aijua desturi ya ziwa letu. Usiku wa giza wavuvi huenda na taa zao kuvua dagaa, na mbalamwezi ikiangaza nyavu hupumzika. Siku hizo za mapumziko ndizo zenye hatari kwa mtu mwenye fedha mkononi na kiu moyoni. Akitaka kuacha pombe, aende kwa nani? Twaona vema kusimulia maisha ya mtu ambaye swali hilo lilimpata ugenini.

William Wilson alizaliwa tarehe 26 Novemba 1895 katika kijiji cha East Dorset, jimbo la Vermont, Marekani. Wazazi wake walipoachana alilelewa na babu na bibi yake. Alikuwa kijana wa bidii, lakini mwenye haya nyingi mbele za watu. Mwaka 1917, alipokuwa afisa wa jeshi, alipewa kileo karamuni. Haya zikamtoka, akajiona mtu miongoni mwa watu. Twaomba jambo hili liangaliwe, maana wengi hudhani mlevi hunywa kwa uovu tu. Wilson alinywa kwa kuwa kileo kilimpa kitu alichokikosa, kisha kikamtoza yote.

Mwaka 1918 alimwoa Lois Burnham. Akafanya biashara ya hisa huko New York, akapata mali nyingi. Mwaka 1929 soko la hisa likaanguka. Mali ikaenda, ulevi ukabaki, na Lois akawa anafanya kazi dukani ili wapate kula. Wilson aliandika viapo vyake katika Biblia ya nyumbani, akavivunja vyote. Hospitalini Daktari William Silkworth akamweleza kwamba ulevi ni ugonjwa wa mwili na wa akili pamoja, wala si ulegevu wa nia peke yake.

Hata Novemba 1934 akaja rafiki yake wa zamani, Ebby Thacher, naye alikuwa mlevi, lakini siku ile alikataa kunywa. Alikuwa amesaidiwa na watu wa Kundi la Oxford, lililoanzishwa na Frank Buchman, mchungaji wa Kilutheri. Hao walikutana majumbani, wakaungama, wakatengeneza mambo na watu waliowakosea, wakaomba. Mwezi uliofuata Wilson aliingia hospitali mara ya mwisho. Katika kukata tamaa alimlilia Mungu, akaona chumba kimejaa nuru. Tangu tarehe 11 Desemba 1934 hakunywa tena.

Basi akaanza kuwaendea walevi wengine na kuwahubiri kwa nguvu. Miezi ikapita, asipone hata mmoja! Silkworth akamshauri apunguze mahubiri, aanze na habari za ugonjwa. Sisi walimu wa sharika shauri hili latugusa, maana twapenda mno kuanza na mahubiri.

Mwezi Mei 1935 Wilson alisafiri mpaka Akron, jimbo la Ohio, kwa shughuli ya biashara, ikaharibika. Akasimama katika ukumbi wa Hoteli ya Mayflower, fedha zake karibu kwisha. Upande mmoja ilikuwa baa yenye vicheko. Upande wa pili simu na orodha ya makanisa. Akaogopa, kwa kuwa alijua akiingia baa atakunywa. Hakutafuta daktari wala mlinzi. Alitafuta mlevi wa kuzungumza naye, ili yeye mwenyewe asianguke. Akampigia simu mchungaji Walter Tunks, naye akampa majina ya watu. Akapiga, akapiga tena, hata akafikishwa kwa mama mmoja, Henrietta Seiberling.

Siku ya pili, tarehe 12 Mei, mama huyo akamkutanisha na Robert Smith, daktari mpasuaji aliyekuwa akiharibiwa na ulevi. Smith alikuja kwa shingo upande, akikusudia kukaa dakika 15 tu. Wakazungumza saa 6 hivi. Wilson hakumwonya, alisimulia yaliyompata, na Smith akasikia habari zake mwenyewe katika kinywa cha mgeni. Smith alianguka mara moja tena, kisha akanywa kileo cha mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo yahesabiwa kuwa mwanzo wa chama chao. Mara wakaenda hospitali ya mji kumtafuta wa tatu.

Chama kiliitwa Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina. Hakina ada; atakaye kuacha kunywa ni mwenzao. Mwaka 1939 walichapa kitabu chenye hatua 12. Siku hizi mikutano yao iko katika nchi nyingi, Kenya na Tanzania pia. Na pasipo mkutano, watu wawili na viti viwili vyatosha, hata huku pwani ya ziwa.

Smith aliwatibu walevi bila malipo mpaka alipokufa mwaka 1950. Wilson hakuwa malaika. Huzuni nzito ilimwandama miaka mingi, na tumbaku, ambayo hakuishinda upesi, iliharibu mapafu yake. Lakini Chuo Kikuu cha Yale kilipotaka kumpa shahada ya heshima, alikataa. Alifariki tarehe 24 Januari 1971, akazikwa East Dorset. Jiwe la kaburi lake halitaji chama hata kidogo.