Gitaa lako limelala ukutani? Mfuate Fundi Konde, mwana wa Kilifi

Wewe uliyenunua gitaa mwaka jana na sasa limeegemea ukuta likikusanya vumbi, hii ni yako. Na wewe unayeliangalia tu kupitia dirisha la duka pale Malindi mjini, kaa hapo pia. Leo sikupi orodha ya video za kutazama. Nakupa mtu mmoja. Ukimfuata hatua kwa hatua, utajua pa kuanzia.

Anaitwa Fundi Konde. Alizaliwa mwaka wa 1924 huku kwetu Kilifi, sehemu inayoitwa Mwabayanyundo. Kama jina halikuambii kitu, muulize nyanyako kuhusu "Tausi Ndege Wangu" au "Majengo Siendi Tena", halafu tazama uso wake. Miaka ya hamsini huyu mzee alikuwa ndiye habari ya mjini Kenya nzima. Na anahesabiwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kabisa kupiga gitaa la umeme. Kijana wa Kilifi, buda, kabla hata Kenya haijapata uhuru!

Sasa fikiria alivyojifunza. Hakukuwa na simu, hakukuwa na programu ya kutyuni, wala mtu wa kumpunguzia kasi ya video. Kizazi chake kilikuwa na masikio na gramafoni. Tangu miaka ya thelathini, santuri za muziki wa Cuba zilikuwa zikiuzwa Afrika Mashariki, na vijana wa wakati huo walizisikiliza hadi rumba ikawaingia mwilini. Hilo ndilo somo la kwanza, na wengi wetu tunaliruka. Kabla ya kushika uzi wowote, chagua wimbo mmoja unaoupenda. Usikilize mpaka uweze kuuimba wote bila kuangalia maneno, huku ukipiga mguu chini. Kama mdomo wako haujui wimbo unaelekea wapi, vidole vitajulia wapi?

Halafu vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Jeshi la King's African Rifles, ile KAR ambayo wazee bado wanaitaja, lilikuwa na kitengo cha burudani, na Konde akaingia humo. Wanajeshi wetu walipelekwa mbali, hadi Burma, na wanamuziki wa kitengo hicho ndio waliokuwa wakiwachangamsha. Hebu jiweke pale. Umezungukwa na wenzako wenye ala zao, na mbele yako kuna askari aliyechoka, anayewaza nyumbani, anataka kucheza. Ukikosea kodi moja, hakuna anayejali. Ukipoteza mwendo, wote wanasimama na kukutazama.

Ndiyo maana nakwambia usijifungie chumbani miezi sita ukisubiri kuwa mkali. Ukishajua kodi mbili tu, tafuta mwenzako. Awe na ngoma, awe na kayamba, awe anapiga makofi tu, sawa. Mtu wa pili atakufundisha kushika mwendo, na mwendo ndio muziki wenyewe. Kodi ninazosema, by the way, ni zile za gitaa. Zile nyingine KRA watakufundisha wenyewe.

Vita vilipoisha, baadhi ya wanamuziki wa kitengo kile waliendelea pamoja kama bendi, wakijulikana kama Rhino Boys. Konde naye akaelekea Nairobi, na kuanzia 1947 akawa anarekodi. Alifanya kazi na Peter Colmore, Mwingereza aliyekuwa akirekodi muziki na matangazo ya biashara mjini humo. Nyimbo zake zilitoka kwenye santuri za zamani za kasi ya 78, ambazo upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi. Unaanza, unaimba, unamaliza. Hakuna kurekodi vipande na kuviunganisha kwenye kompyuta. Ukiharibu mwishoni, mnarudi mwanzo wote.

Hapa pia kuna somo. Wanafunzi wengi wa gitaa wanajua mianzo ya nyimbo ishirini na hawawezi kumaliza hata mmoja. Wewe jifunze mmoja, mzima, dakika zake tatu zote. Hata ukiwa wa polepole kama tuktuk inayopanda kilima, fika mwisho.

Na ukizisikiliza nyimbo za Konde, utagundua kwa nini zinamfaa anayeanza. Gitaa lake halipigani na sauti yake. Linamshikia wimbo, yeye anaimba Kiswahili kinachosikika neno kwa neno. Mwenzake wa enzi hiyo, Jean Bosco Mwenda kutoka Kongo, alikuwa akidonoa nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada hadi unadhani kuna magitaa mawili. Utamu, lakini si pa kuanzia. Kodi za Konde zina harufu ya jazi, ndiyo, ila wazo lake ni rahisi: kodi chini, sauti juu. Wewe anza na tatu tu, A, D na E. Zinabeba nyimbo nyingi kuliko unavyodhani.

Dakika kumi na tano kila siku zinatosha. Tano za kuhama kutoka kodi moja hadi nyingine taratibu, bila kusimamisha mguu. Kumi za wimbo wako. Vidole vitauma wiki za kwanza, kisha ngozi itakomaa. Ukiweza, anza na gitaa la nyuzi za nailoni, ni laini zaidi. Na kama una nyuzi za chuma na unakaa Watamu, Mambrui au karibu na Mnarani, zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza. Hewa yetu ya chumvi inazila bila huruma.

Narudi kwa mzee. Umaarufu wake haukudumu. Miaka ya sitini ilileta sauti mpya, gitaa za Kongo zikatawala, vijana wakataka bendi zao. Konde akajiondoa mbele ya jukwaa. Lakini hakuiacha kazi yenyewe, kwa sababu alikuwa amejifunza pia upande wa mitambo, akawa fundi wa kurekodi. Fundi kwa jina, fundi kwa kazi. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo kwa vyeti usiniulize, lakini hii naijua: anayeelewa jinsi sauti inavyonaswa hakosi pa kusimama muziki unapobadilika. Jifunze gitaa, na ujue pia waya inaenda wapi.

Miaka mingi ikapita kimya. Nyimbo zake ziliendelea kuimbwa harusini na hotelini, nyingi zikiitwa tu zilizopendwa, kana kwamba hazina mwenyewe. Waliomrudisha studio ni Them Mushrooms, wale ndugu wa pwani hii hii waliotupa "Jambo Bwana" mwaka wa 1982. Kisha nyimbo zake za 1947 hadi 1956 zikakusanywa kwenye CD, dunia ikamsikia upya. Alifariki Juni 2000, akiwa na miaka 75.

Mimi hiyo miaka ya kimya ndiyo inayonisumbua. Mtu aliyewachezesha watu nchi nzima, na leo unaweza kumaliza shule ya sekondari hapa Kilifi bila kulisikia jina lake. Wimbo haufi kwa kuwa ni mbaya. Unakufa wakati hakuna kijana anayejua vidole vinakaa wapi.

Basi leo usiku, fanya hivi. Futa vumbi, tyuni nyuzi zote sita, itafute "Tausi Ndege Wangu" kwenye simu yako na uisikilize mara tatu bila kugusa gitaa. Kesho uimbe. Kesho kutwa tafuta kodi yake ya kwanza. Na siku utakapoupiga mbele ya watu, hata wakiwa watatu tu chini ya mwembe, taja jina la mwenyewe kabla hujaanza.