Mwalimu Aliyehesabu Mitetemo kwa Meno ya Gurudumu

Poul la Cour ni jina kubwa huko Denmark, ingawa madarasani mwetu halitajwi. Alizaliwa mwaka 1846, akasomea elimu ya hali ya hewa, na taasisi ya taifa ya fani hiyo ilipoundwa mwaka 1872 akawa naibu wa mkuu wake.

Hata hivyo, kilichomshughulisha zaidi wakati huo ni sauti. Alitaka waya mmoja wa telegrafu upitishe habari nyingi kwa pamoja, kila moja kwa mtetemo wake. Ndipo alipobuni gurudumu la sauti. Uma wa chuma unaotetema hukata umeme na kuuunganisha tena. Kila umeme upitapo, sumaku huvuta jino moja la gurudumu. Gurudumu lenye meno 10 likizunguka mara 10 kwa sekunde, basi uma umetetema mara 100. Sisi tuchunguzao sauti za lugha twaithamini hesabu hiyo, maana sikio husikia mtetemo lakini haliwezi kuuhesabu.

Mwaka 1878 aliuacha mji mkuu akaenda kufundisha vijana wa mashambani katika shule ya Askov. Huenda wapo waliodhani amejizika. Mwaka 1891, kwa msaada wa serikali, alijenga huko kinu cha upepo cha kuzalisha umeme. Upepo huvuma kwa vishindo, naye akabuni kifaa cha kutuliza mwendo kati ya kinu na mashine ya umeme. Umeme ule ulitenganisha maji, na haidrojeni iliyopatikana ikawasha taa za shule tangu 1895 hadi 1902. Miongoni mwa mafundi aliowafunza kabla ya kufariki mwaka 1908 ni Johannes Juul, aliyejenga mtambo maarufu wa Gedser wenye mapanga matatu mwaka 1957.

Siku hizi wahandisi hufunga vihisio kwenye giaboksi ya mtambo wa upepo ili kupima mitetemo yake. Gurudumu la meno 20 likizunguka mara 25 kwa sekunde, meno hugusana mara 500. Jino moja likipasuka, pigo lake hujitokeza mara 25, na fundi hujua ni gurudumu lipi linalougua kabla halijauvunja mtambo mzima. Hesabu ni ileile ya La Cour.

Mitambo 365 ya Loiyangalani, Marsabit, iliundwa na kampuni ya Denmark, na kila mmoja una giaboksi yake. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaijua tayari hesabu hiyo ya kuzidisha.