Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyeutafuta uvimbe kwenye ramani

KATIKA kata ya Misima wilayani Handeni, kama ilivyo katika nyanda nyingi za chini za Mkoa wa Tanga, neno uvimbe hubeba mambo mengi. Mtu aweza kuwa na kifuko cha maji chini ya ngozi kisichomuuma, mwingine akawa na busha, na mtoto wa jirani akavimba taya kwa saratani inayokua upesi. Wote watasema wana uvimbe. Kutenganisha kimoja na kingine ndiyo kazi ya tabibu, na mara nyingine ndiyo tofauti kati ya uhai na kifo.

Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo katika Afrika Mashariki, hakuna aliyepata jina kubwa kuliko Denis Parsons Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda tangu 1946 na kufariki dunia Machi 23, 1993 nchini Uingereza.

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 karibu na mji wa Enniskillen, Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali aliyejifunza maisha ya ndege kwa kuwavisha pete miguuni na kuchora ramani za maeneo yao. Mazoea hayo ya kutazama kitu na kukiandika kwenye ramani yalikuja kuonekana baadaye katika kazi ya mwanawe.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa jiwe usoni katika ugomvi wa watoto. Kioo cha miwani kilipasuka na kumwingia, akapoteza jicho la kulia. Alianza masomo ya uhandisi katika Chuo cha Trinity mjini Dublin, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomfungulia mlango: alijiunga na jeshi mwaka 1941 na kupelekwa Kenya, Somalia na Ceylon. Mwaka 1943 alifunga ndoa na Olive Rogers, aliyekuwa muuguzi, nao wakajaliwa mabinti watatu.

Vita vilipokwisha, serikali ya kikoloni ilimpokea na kumpeleka Lira, wilayani Lango, kaskazini mwa Uganda. Huko ndiko alikokutana na mabusha.

Busha si saratani. Ni maji yanayojikusanya katika utando unaoizunguka korodani. Katika maeneo ya joto husababishwa mara nyingi na minyoo ya filaria, ambayo huenezwa na mbu na ambayo pia huleta matende. Wakazi wa pwani ya Tanzania wanaujua ugonjwa huu vizuri, na tangu mwaka 2000 serikali imekuwa na mpango wa kitaifa wa kuutokomeza kwa kugawa dawa kwa umma, sambamba na kuwafanyia upasuaji wenye mabusha.

Burkitt aliwapasua wagonjwa wengi wa aina hiyo. Hata hivyo, hakuishia kwenye chumba cha upasuaji. Alianza kuwauliza walikotoka, akabaini kwamba mabusha yalikuwa mengi mno mashariki mwa Lango na machache sana magharibi, ingawa wilaya ilikuwa moja. Lilikuwa jambo dogo, lakini lilimpa swali alilodumu nalo maisha yake yote: kwa nini ugonjwa uwe hapa na usiwe pale?

Baadaye alihamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita kumwangalia mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote mbili, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho. Jipu la jino huvimbisha upande mmoja, na kifuko cha maji kinachoota kwenye mzizi wa jino hukua taratibu. Huyu alivimba kila upande. Muda si mrefu, akiwa ziarani Jinja, aliona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile, na alipompima tumbo akakuta uvimbe humo pia.

Alirudi Mulago na kufukua kumbukumbu za wagonjwa. Watoto waliovimba taya walikuwa wameandikiwa ugonjwa mmoja, waliovimba figo mwingine, na wasichana waliovimba ovari mwingine tena. Burkitt aliona kuwa aina hizo za uvimbe zilifuatana mno katika mwili wa mtoto mmoja hata zisiweze kuwa magonjwa tofauti. Mwaka 1958 alichapisha maelezo yake, na wataalamu wa maabara wa Kampala wakathibitisha kwamba ilikuwa saratani ya chembe za kinga za mwili. Mwaka 1963 ugonjwa huo ulianza kuitwa kwa jina lake.

Ndipo swali la Lango liliporudi. Burkitt alituma karatasi zenye picha za watoto wagonjwa kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika, akiuliza kama ugonjwa huo ulikuwa ukionekana. Majibu aliyatia alama kwenye ramani, zikajipanga kama mkanda unaokatiza katikati ya bara.

Ili kujua mpaka wa kusini wa mkanda huo, Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford akiwa na madaktari wamisionari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Kwa wiki kumi walisafiri maili 10,000, sawa na kilometa 16,000, wakipita Kenya, Tanganyika iliyokuwa ikijiandaa kwa uhuru wa Desemba 9, na nchi nyingine hadi Afrika Kusini. Walitembelea hospitali karibu 60.

Jibu lilikuwa katika miinuko. Karibu na ikweta, ugonjwa ulikuwa nadra katika maeneo yaliyo juu ya mita 1,500 hivi. Nyanda za chini zenye joto na mvua ndizo zilizokuwa na wagonjwa. Kwa kipimo hicho, Handeni na Korogwe ziko chini ya mstari, ilhali vilele vya Usambara, vinavyopita mita 2,000, viko juu yake. Alama hizo zilifanana na za malaria, na leo wataalamu wanakubali kwamba malaria ya mara kwa mara utotoni ni moja ya mambo yanayoandaa njia ya ugonjwa huu. Kati ya 1977 na 1982 jambo hilo lilijaribiwa hapa Tanzania, mkoani Mara, kwa kuwapa watoto klorokwini. Wagonjwa walipungua, ila kupungua huko kulianza kabla ya dawa, hivyo jaribio halikumaliza ubishi.

Jambo la pili lilitoka London. Machi 22, 1961, Burkitt alitoa mhadhara uliosikilizwa na mtafiti Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, walitangaza kuona kirusi ndani ya chembe hizo. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kwa wazazi, lililo kubwa zaidi lilikuwa matibabu. Burkitt alianza kwa kukata, akaona kwamba kisu kiliharibu uso wa mtoto bila kuokoa maisha yake. Mulago haikuwa na mashine za mionzi. Akajaribu dawa za saratani zilizokuwa mpya wakati huo, na baadhi ya watoto waliokuwa wakisubiri kufa wakapona kabisa. Leo, katika nchi tajiri, zaidi ya watoto tisa kati ya kumi wenye ugonjwa huu hupona. Afrika wanaopona ni wachache zaidi, na sababu kubwa ni kuchelewa kufika hospitali na kukatiza matibabu. Uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku chache tu.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966 na kuishika hoja nyingine. Alishangaa kwamba maradhi mengi ya tumbo yaliyojaa katika hospitali za Ulaya hakuyaona kwa wakulima wa Uganda, akaamini kuwa siri ni makapi ya nafaka yanayobaki katika chakula kisichokobolewa. Wanaohimiza ugali wa dona badala ya sembe wanasema alichokisema katika kitabu chake cha 1979. Si madai yake yote yaliyothibitishwa, lakini makapi yamebaki katika ushauri wa lishe duniani kote.

Alikuwa Mkristo mcha Mungu, na hakupenda kusifiwa kuliko wauguzi na madaktari wa vijijini waliomjibu barua zake. Bila majibu yao ramani yake ingebaki tupu.

Vifuko vingi vya maji mwilini havina madhara makubwa, na busha huondolewa kwa upasuaji. Lakini taya la mtoto linalovimba upesi, meno yakilegea bila kuoza, si la kusubiri dawa ya jino wala kutafutiwa mchawi. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa ya kumponya imekuwapo tangu miaka ya 1960.